Mpe mtoto upinde, kisha kaa pembeni

Katika bonde la Yaeda, mtoto wa kiume hushika upinde wake wa kwanza akiwa na miaka mitatu hivi. Familia za Gehandu na kwingineko zina cha kujifunza hapo, na zina cha kuacha.

Saa kumi jioni, sare za shule zikishavuliwa na ng'ombe wakiwa bado hawajarudi zizini, watoto wa Gehandu hupata saa moja hivi ambayo ni yao. Wengine hukimbilia mpira wa makaratasi, wengine manati. Mara moja moja mmoja wao hukata kijiti kibichi, akakipinda, akakifunga kamba iliyochomolewa kwenye kiroba, akatafuta bua jembamba na kulirusha. Bua haliendi mbali. Lakini baada ya dakika chache watoto watano wamemzunguka, kila mmoja akidai zamu yake.

Mzazi anayeliona jambo hilo huwa na majibu mawili ya haraka. La kwanza ni kumnyang'anya mtoto kijiti kabla hajamtoboa mwenzake jicho. La pili ni kugeuza macho na kuendelea na kazi. Hofu ya mzazi wa kwanza ni ya kweli, na itarudi chini katika makala haya. Lakini lipo jibu la tatu, nalo ni kuufanya mchezo huo kuwa wa familia nzima, wenye upinde unaofaa, mahali panapofaa na mtu mzima anayejua aseme nini na anyamaze lini.

Kwa watu wa Mbulu na Hanang, mfano wa jibu hilo hauko mbali. Ukishuka kutoka nyanda za juu za Mbulu kuelekea magharibi unaingia bonde la Yaeda. Huko, katika maeneo kama Yaeda Chini, Mongo wa Mono na Domanga, wanaishi Wahadzabe, ambao upinde kwao ni chombo cha kila siku kama jembe lilivyo kwa mkulima. Ni watu wachache, elfu moja na mia kadhaa tu, waliotawanyika kulizunguka Ziwa Eyasi. Majirani zao Wairaqw na Wadatoga wanawafahamu vizuri, na biashara kati yao ni ya siku nyingi: asali inakwenda huku, chuma kinakuja kule. Chembe za mishale yao hutoka kwa wahunzi wa Kidatoga, au hutengenezwa kwa msumari wa kawaida unaopondwa kwa jiwe au nyundo hadi upate makali.

Darasa lisilo na mwalimu

Upinde wa kwanza wa mtoto wa Kihadzabe huchongwa na baba, babu au kaka mkubwa. Haukuchongwa kwa kutundikwa ukutani, kwa maana unapinda na unarusha kweli. Tofauti yake na upinde wa baba ni ukubwa, na mishale yake ni mti mtupu uliochongwa ncha, hauna chuma wala sumu. Tangu siku hiyo upinde hautoki mkononi mwa mtoto. Analenga kibuyu kilichopasuka, analenga tunda la mbuyu lililoanguka, analenga kisiki. Akikua kidogo anajaribu ndege wadogo, panya na pimbi wa kwenye miamba, na akipata kitu anakichoma mwenyewe na wenzake.

Kinachomshangaza mgeni ni kwamba hakuna anayefundisha kwa namna ya darasani. Frank Marlowe, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyefanya utafiti kwa Wahadzabe kwa miaka mingi na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 2010, aliwaona watoto wakikaa kutwa katika makundi ya rika mchanganyiko. Wa miaka mitano anamfuata wa miaka minane, wa miaka minane anamtazama wa kumi na mbili. Mkubwa akikosea wanacheka, mdogo akipatia wanashangilia. Watafiti wengine waliowachunguza watoto hao, akiwamo Nicholas Blurton Jones na baadaye Alyssa Crittenden, wameandika kuwa katika misimu mizuri mtoto wa miaka kumi anaweza kujipatia hadi nusu ya chakula chake cha siku kwa matunda, mizizi, asali na wanyama wadogo.

Je, mzazi anafanya nini muda wote huo? Anafanya zaidi ya inavyoonekana. Mtoto akirefuka, upinde unabadilishwa. Mshale ukipinda, baba anaupasha moto, anaushika kwa meno na kuunyoosha, kisha anafumba jicho moja na kuutazama kwa urefu wake kuona kama umekaa sawa, na mtoto yuko pembeni anaangalia. Jioni kwenye moto watu wazima husimuliana ya siku hiyo, nyayo zilielekea wapi, upepo ulivuma kutoka wapi, mnyama alishtuka kwa nini. Hakuna anayemwambia mtoto asikilize, naye anasikiliza.

Hapo ndipo wazazi wengi wa leo hushindwa. Mtoto akirusha mshale mmoja anapewa maelekezo manne: nyoosha mkono, inua kiwiko, usifumbe jicho, mbona unatetemeka? Mshale wa tano ukifika, mchezo umekwisha na somo limeanza, na mtoto anatafuta sababu ya kwenda kuwasha simu.

Shule au upinde?

Kwa wazazi wa Yaeda swali hili si la mchezo. Katikati ya miaka ya 1960 serikali ilianza mpango wa kuwakusanya Wahadzabe Yaeda Chini, walime na watoto wao wasome. Kwa watu wanaohamahama kufuata chakula, kusoma maana yake mara nyingi ni bweni, na habari za watoto wanaotoroka bweni na kurudi kwa miguu porini kwa wazazi wao ni za miaka mingi. Baba anayemrudisha mtoto shuleni anajua kwamba bila kusoma mwanawe atadhulumiwa mbele ya kila karatasi. Anajua pia kwamba mikono inayoshika kalamu kwa miaka saba ni mikono ambayo haikushika upinde kwa miaka saba.

Blurton Jones na Marlowe waliamua kulipima jambo hilo. Waliandaa mashindano ya kulenga shabaha, kupanda miti na kuchimba mizizi, wakawashindanisha watu wa rika mbalimbali, waliokulia porini tangu kuzaliwa na waliopoteza miaka bwenini. Matokeo waliyoyatoa mwaka 2002 hayakuwa yale ambayo wengi wangetarajia. Katika kulenga shabaha, umri ulikuwa na uzito mkubwa, watu waliendelea kuwa bora hadi utu uzima. Lakini waliokwenda bwenini hawakuonekana kuwa wabovu kuliko wenzao waliobaki.

Habari hii isichukuliwe kupita kiasi. Kupiga shabaha iliyosimama ni jambo moja, na kuwinda ni jingine. Mwindaji anasoma nyayo, anajua mnyama gani hunywa maji saa ngapi, anafuata damu kwa saa kadhaa. Kilele cha mwindaji huja akiwa mtu mzima kabisa, miaka mingi baada ya mkono wake kuwa sahihi. Maarifa hayo hayakai mkononi. Yanakaa katika kutembea na wakubwa, na ndiyo yanayopotea mtoto asipokuwapo, au pori lenyewe likipungua. Mashamba na mifugo vimelisogelea bonde la Yaeda kwa miongo mingi, na ilipofika mwaka 2011 ndipo Wahadzabe wa huko walipopewa hati ya hakimiliki ya kimila ya kumiliki ardhi yao kwa pamoja.

Kwa mzazi wa Gehandu ambaye mwanawe hatakula kwa upinde, tafsiri yake ni nyepesi zaidi. Nusu saa ya jioni haitamla mtoto hesabu zake. Na muhula wa mitihani ukifika, upinde ukawekwa juu ya dari kwa miezi miwili, mkono hautasahau.

Cha kuchukua, cha kuacha

Pori la Yaeda halifanani na uwanja wa nyumba ya Gehandu. Huku nyumba zimekaribiana, kuna njia ya watu nyuma ya zizi, kuna kuku, kuna mbuzi wa jirani na mtoto wa jirani ambaye hupita bila kupiga hodi. Kwa hiyo mambo matatu yanaweza kuazimwa kutoka bondeni bila wasiwasi: upinde mdogo unaolingana na mtoto, mshale usio na chuma, na wakubwa kucheza na wadogo. La nne, yaani mtoto kuzurura na upinde popote anapotaka, libaki huko huko.

Na kuwinda pia kubaki huko. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali, na mtoto anayerudi nyumbani na digidigi ameiletea familia yake kesi, si kitoweo. Mtoto aelezwe hilo mapema, kwa sababu atakapoanza kupatia shabaha, jambo la kwanza litakalomjia kichwani ni njiwa wa juu ya paa.

Upinde unaomtosha

Kosa kubwa la akina baba ni upinde mkubwa. Marlowe alipopima pinde za wanaume wa Kihadzabe alikuta kuzivuta kunataka nguvu ya kilo 30 hivi kwa wastani. Hiyo ni sawa na kuinua ndoo moja na nusu ya maji ya lita 20, tena kwa vidole vitatu. Mtoto akipewa hata nusu ya hapo, atavuta kwa mgongo, atakunja shingo, atafunga macho, na mshale utakwenda unakotaka wenyewe.

Mtoto wa miaka sita hadi minane inamtosha nguvu ya kilo nne au tano. Wa miaka kumi hadi kumi na miwili anaweza kilo saba, wengine nane. Kupima hakuhitaji mashine. Tundika upinde kwenye msumari imara kwa kuushika katikati, kamba ikiwa chini, kisha ning'iniza kindoo kwenye kamba na umimine maji taratibu. Kamba ikishuka kufikia umbali ambao mtoto huivuta, simama. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo hesabu lita, ongeza uzito wa kindoo chenyewe, na umepata jibu. Watoto hulipenda zoezi hili pengine kuliko kurusha.

Kipimo kingine ni cha macho tu. Mtoto avute kamba hadi kidevuni, ashikilie huku wenzake wakihesabu hadi tano, kisha airudishe polepole. Mkono ukitetemeka kabla ya tano, upinde ni mzito.

Mti mzuri ni ule unaopinda na kurudi. Mkole, unaojulikana sana kwa vitunda vyake vidogo, hutumiwa na Wahadzabe wenyewe, na fito zake hupatikana sehemu nyingi kavu za nchi. Chagua fimbo nyoofu isiyo na vifundo, unene wa kidole gumba cha mtu mzima, urefu wa kutoka chini hadi kifuani mwa mtoto. Punguza unene kuelekea ncha zote mbili ili ipinde sawa pande zote, na uiache ikauke kivulini wiki kadhaa. Ugwe, yaani kamba ya upinde, uwe wa uzi wa nailoni uliosokotwa, usiwe wa mpira. Ukishafungwa, nafasi kati ya ugwe na mti itoshe ngumi ya mtoto na kidole gumba kikiwa kimesimama.

Mshale uwe mwepesi na mnyoofu, na hapa pana kipimo ambacho hakina mjadala: uzidi urefu wa kuvuta kwa vidole vinne au zaidi. Mshale mfupi unaweza kurudi nyuma ya upinde mtoto akivuta sana, na akiuachia unaingia mkononi mwake. Manyoya ya kuku yanafaa mkiani, ila yote yatoke bawa la upande mmoja, kwa kuwa ya kushoto na ya kulia yamepinda kinyume. Kwa wadogo, ncha ichomekwe kwenye kipande cha gunzi la mahindi au ifungwe kitambaa. Mshale wa gunzi haukwami kwenye shabaha, unagonga na kuanguka, na mlio wake wa kugonga unawatosha kabisa.

Shabaha yenyewe ni kiroba kilichojazwa maganda ya mahindi au matambara, kikiegemezwa kwenye kichuguu au tuta la udongo. Nyuma ya tuta pasiwe na njia. Anzeni hatua tano, si zaidi. Wachezaji wa Olimpiki hupiga kutoka mita 70 kwenye duara lenye upana wa sentimita 122, na duara la katikati, lenye alama kumi, lina sentimita 12.2, kama kisahani cha kikombe cha chai. Mtoto akisikia hivyo atataka kurudi nyuma hatua 70 jioni hiyo hiyo. Mwache ajaribu mara moja, aone, kisha arudi mwenyewe kwenye tano.

Mstari mmoja, maneno matatu

Chora mstari chini. Wote wanaorusha wasimame kwenye mstari huo huo, na wote wasiorusha wakae nyuma yake, kuku wafungiwe. Kama mdogo anahitaji kuwa karibu zaidi, sogezeni shabaha yake, lakini yeye asisogee mbele ya wenzake.

Maneno matatu yanatosha: "Piga", "Simama", "Okota". Mtu mzima mmoja ndiye husema piga na okota. "Simama" anaweza kusema yeyote, hata wa miaka minne, na likisemwa kila upinde unashuka bila kuuliza kwa nini. Mpe mdogo mamlaka hayo na utaona jinsi atakavyolinda uwanja kwa ukali kuliko mgambo.

Kuokota kunafanywa na wote kwa pamoja, pinde zikiwa chini, kwa kutembea. Mishale iliyokwama kwenye shabaha ifuatwe kutoka ubavuni. Ajali nyingine hutokea hapa, wala si wakati wa kurusha: mtoto anakimbilia shabaha, anajikwaa, na mkia wa mshale uliosimama unamkuta usoni.

Mengine ni machache. Hakuna kurusha juu angani, kwa kuwa hakuna anayejua utaangukia wapi. Hakuna kuelekeza upinde kwa mtu, hata mtupu, hata kwa utani. Na hakuna kuvuta upinde usio na mshale na kuuachia, kwa sababu nguvu ambayo ingekwenda na mshale hubaki kwenye mti, na upinde mzuri wa wiki tatu unapasuka mara moja. Kila kabla ya kuanza, kila mshale ukunjwe kidogo kwa vidole karibu na sikio. Ukilia, uvunjwe kabisa, utupwe jikoni.

Zaidi ya hapo mtu mzima anyamaze. Akiona kosa la kiwiko leo, aseme la kiwiko tu, mara moja. Kesho la miguu. Mkubwa amwonyeshe mdogo, hata kama anamwonyesha vibaya kidogo. Na baba au mama apange foleni naye arushe, akose, achekwe. Familia nyingi zitashangaa jinsi kuchekwa huko kunavyofungua midomo ya watoto ambao wiki nzima wamejibu maswali kwa "ndiyo" na "sijui".

Jicho lipi linaongoza

Wapo watoto wanaojitahidi wiki nzima na mishale yote inakwenda kushoto. Mara nyingi si uzembe. Kila mtu ana jicho moja linaloongoza jingine, na si lazima liwe upande wa mkono anaoandikia. Kulijua ni rahisi. Mtoto anyooshe mikono yote mbele, akutanishe viganja hadi libaki tundu dogo kati yake, kisha kwa macho yote mawili atazame kitu cha mbali kupitia tundu hilo, tuseme mlango wa jirani. Sasa afumbe jicho moja moja. Jicho ambalo likibaki wazi bado linauona mlango, ndilo linaloongoza, na mkono wa upande huo ndio uvute kamba. Kumbadilisha mtoto mkono mwanzoni ni kazi ya siku mbili. Akishazoea vibaya mwaka mzima, ni vita.

Na binti?

Kwa Wahadzabe upinde ni wa wanaume, na msichana hupewa kijiti cha kuchimbia mizizi. Huo ni mgawanyo wao wa kazi. Kwenye mchezo hakuna sababu ya kuufuata. Mwanamke wa Kenya, Shehzana Anwar, ndiye aliyebeba bendera ya nchi yake kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Rio mwaka 2016, na mchezo uliompeleka huko ulikuwa upinde. Timu ya wanawake ya Korea Kusini imechukua dhahabu ya timu katika kila Olimpiki tangu ya mwaka 1988 hadi ya Paris mwaka 2024, mara kumi mfululizo, jambo ambalo timu yao ya wanaume haikuweza. Kwenye mstari wa hatua tano, dada wa miaka tisa mwenye subira humwacha mbali kaka wa kumi na mbili mwenye haraka, na ni vizuri kaka akalijua hilo mapema.

Mambo mawili ya kutofanyia mzaha

La kwanza ni sumu. Wawindaji wa bondeni hupaka chembe za mishale mikubwa sumu ya miti, na mmoja wa miti hiyo ni adenium, ule wenye shina nene na maua ya waridi ambao siku hizi watu wanaupanda kwenye makopo mbele ya nyumba kama pambo. Utomvu wake hushambulia moyo. Mtoto anayejua kwamba "wawindaji hutumia mti" anaweza kutaka kujaribu. Aonyeshwe ni upi, aambiwe hauguswi. Na mshale wa mtu mzima uliookotwa porini au kununuliwa kama kumbukumbu usiingie kabisa kwenye mchezo.

La pili ni jicho. Ikitokea mshale au kibanzi kimechoma jicho, mzazi asikichomoe, asimwage maji, asisugue, asipake dawa wala tone la kitu chochote cha nyumbani. Achukue kikombe safi cha plastiki au cha karatasi, akifunike juu ya jicho bila kuligandamiza, akifunge kwa kitambaa, amtulize mtoto akae ameinua kichwa, na waende hospitali wakati huo huo. Wasisubiri asubuhi. Hata kama mtoto anasema haumi tena na anaona, aonwe na daktari, maana jeraha la ndani halionekani kwa kioo cha nyumbani.

Jua likizama, mtu mzima anahesabu mishale. Ikiwa ilitoka kumi na miwili, irudi kumi na miwili, na hakuna anayekwenda kula kabla ule mmoja uliopotelea kwenye majani haujaonekana. Kisha ugwe unafunguliwa upande mmoja ili mti ulale umenyooka, kwani upinde ulioachwa umefungwa usiku kucha hukariri kupinda na nguvu yake huisha. Pinde zinapanda juu ya kabati, mahali ambapo mrefu wa watoto hafiki bila kigoda. Mishale inakaa chumba kingine.